"Mimi na Mungu wangu tu": dhana potofu kuhusu ushirika wa Wakristo

Hizi nimezisikia jumuiyani (kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja), kazini, hadi kwenye daladala, na nyingi zinasemwa na watu wanaompenda Mungu kabisa, kwahiyo sicheki mtu hapa.

Dhana: Imani ni kati yangu na Mungu, watu wa nini?

Sawa, hakuna atakayeamini kwa niaba yako. Ila mwangalie Yesu mwenyewe usiku ule Gethsemane, alikuwa na Baba yake na bado akawachukua Petro na wale wana wawili wa Zebedayo, akawaambia nina huzuni kiasi cha kufa, kesheni pamoja nami. Wakalala, ndio, lakini aliwaomba. Nabii Elia naye alipojiona kabaki peke yake Israeli nzima akaambiwa wapo 7,000 ambao hawajampigia mungu wa uongo Baali magoti, halafu akapewa na Elisha wa kutembea naye. Sasa wewe ambaye kodi ya nyumba ikichelewa tu maombi yanakauka mdomoni, unasema huhitaji mtu?

Dhana: Mahubiri ya YouTube yananitosha

Mahubiri utapata, tena mengine matamu kuliko ya parokiani kwenu, na kwa mgonjwa au mlinzi wa zamu ya usiku ni msaada mkubwa. Ila mhubiri wa kwenye simu hajui kama leo umekula. Hata Paulo, bingwa wa kuandika barua, kwenye ile ya pili kwa Timotheo anamsihi aje upesi, aje kabla ya baridi, na amletee joho lake alilomwachia Karpo kule Troa. Barua ilikuwepo, alitaka mtu. Na wewe unayeenda kanisani kila Jumapili usijione umepona, maana unaweza kukaa katikati ya umati mkubwa ukatoka hakuna hata mmoja aliyekuuliza habari za nyumbani.

Dhana: Jumuiya ni mambo ya wamama, mimi nitaenda nikitaka barua ya ubatizo au ndoa

Huu kwetu Wakatoliki ndo ugonjwa wenyewe. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ile ya 1973 na 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji Afrika Mashariki, walitaka Kanisa lishuke hadi mtaani, majirani wasome Injili pamoja na kusaidiana, sio kufungua ofisi ya vibali. Lakini nenda Jumamosi asubuhi, uani kwa mtu, viti vya plastiki, utakuta wamama, mzee mmoja wa kiume na watoto wanaosinzia. Vijana na wababa unawaona siku mtoto anabatizwa au ndoa imekaribia, mtu anamkimbilia mwenyekiti amsainie fomu, mwenyekiti ambaye hata sura yake haijui, halafu akiulizwa maswali mawili ananuna. Huyo huyo akifiwa atashangaa mbona watu wachache. Wakati wamama wale wale anaowadharau wameshafika, wengine wapo jikoni wanapepeta mchele, mmoja kakaa na mjane chumbani wala haongei chochote.

Dhana: Kumtia mtu moyo ni kumwambia "usijali, Mungu yupo"

Au zile "Amina" arobaini kwenye grupu la WhatsApp na hakuna aliyepiga simu. Angalia Barnaba, jina lenyewe alipewa na mitume kwa sababu ya kufariji watu, na alifanyaje? Aliuza shamba akaleta hela. Sauli, ndiye Paulo wa baadaye, alipofika Yerusalemu kila mtu anamkimbia, na walikuwa na haki ya kuogopa maana alikuwa akiwatesa Wakristo, Barnaba akamshika akampeleka kwa mitume akamsemea. Kijana Yohana Marko alipowaacha Paulo na Barnaba njiani kwenye safari ya kuhubiri, Paulo hakumtaka tena, Barnaba akakubali kugombana na Paulo hadi wakaachana njia lakini kijana hakumwacha. Miaka baadaye Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo mlete Marko, ananifaa. Kwahiyo kutiana moyo kuna gharama, mara ni pesa, mara ni jina lako unaliweka rehani kwa ajili ya mtu ambaye wenzako wameshamkatia tamaa.

Dhana: Ushirika wa kweli ni kuwaambia wote kila kitu

Yakobo kasema tuungamiane na kuombeana, hakusema tutangaziane. Na hapa tuseme ukweli, umbea mwingi siku hizi unavaa nguo za maombi, "tumwombee dada fulani, ndoa yake inawaka moto," kabla ya jioni mtaa mzima unajua. Watu wengi hawakuondoka jumuiyani kwa uvivu, waliondoka siku siri yao ilipowarudia kutoka dukani. Kama kwenu hali ndo hiyo mwambieni mwenyekiti pembeni, ikishindikana tafuta wawili watatu wanaojua kufunga mdomo muwe mnakutana hata nje ya kanisa baada ya misa, kabla hamjapanda bodaboda.