Pensheni, Fidia ya Ulemavu na Wakili wa Bure: Sheria za Majimbo ya Marekani kwa Wanajeshi wa Zamani

Mwanajeshi wa Marekani aliyeumia kazini anaweza kustahili fedha za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna pensheni ya jeshi, ambayo kwa kawaida huipata aliyetumikia miaka 20 na zaidi. Halafu kuna fidia ya ulemavu, inayotolewa na Wizara ya Masuala ya Maveterani kwa aliyepata jeraha au ugonjwa akiwa jeshini, hata kama alikaa miaka mitatu tu. Ulemavu wenyewe hupimwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, na kiwango hupanda kumi kumi.

Fedha hizi hazifanani mbele ya sheria. Pensheni ni kipato: serikali kuu huitoza kodi, na jimbo nalo linaweza kuitoza. Fidia haiguswi na kodi ya mapato ya serikali kuu wala ya jimbo. Wanandoa wakiachana, mahakama ya jimbo inaweza kuigawa pensheni kati yao, lakini fidia haigawanywi.

Tatizo linaanzia kwenye sheria ya 1891 iliyokataza mtu kulipwa zote mbili kwa pamoja. Aliyetaka fidia alilazimika kuachia kiasi kilekile kutoka kwenye pensheni yake, na wengi walikubali kwa sababu fidia haina kodi. Mwaka 2004 utaratibu huo ulianza kulegezwa: mwenye miaka 20 ya utumishi na ulemavu wa asilimia 50 au zaidi sasa hupokea zote mbili. Mwenye asilimia 40 bado anakatwa. Hata aliyestaafishwa kwa sababu ya majeraha kabla ya kutimiza miaka 20 hanufaiki na mabadiliko hayo, ingawa kuna malipo mengine maalumu kwa walioumia vitani, nayo yana ukomo wake. Kwangu mimi hii ni dhuluma. Aliyepigwa na bomu mwaka wake wa kumi na mbili hakuchagua kukatisha utumishi. Muswada wa kurekebisha hali yake, uliopewa jina la Meja Richard Star, umewasilishwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja.

Hayo yote ni ya serikali kuu. Jimbo linaingia wapi?

Linaingia kwanza kwenye kodi. Kila jimbo huamua lenyewe kama litatoza pensheni ya jeshi. Texas na Florida hazina kodi ya mapato kabisa, na Texas inatoa nafuu nyingine: mwenye ulemavu wa asilimia 100 halipi kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi. Uhuru huo wa majimbo una mpaka, hata hivyo. Kansas iliwahi kutoza kodi pensheni za wanajeshi huku ikiwasamehe wastaafu wa serikali yake yenyewe. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kuwabagua namna hiyo.

Linaingia pia kwenye pensheni zake lenyewe. Mwanajeshi wa zamani akiajiriwa na jimbo au halmashauri, swali ni kama miaka ya jeshini itahesabiwa. New York ilipitisha sheria mwaka 2016 inayomruhusu mtumishi wa umma kununua hadi miaka mitatu ya utumishi wa kijeshi iingie kwenye hesabu ya pensheni, bila kujali alitumikia wapi na lini. Kabla ya hapo nafasi hiyo ilitegemea alitumikia wakati wa vita gani.

Ila panapoumiza zaidi ni kwenye talaka. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliyaruhusu majimbo kuigawa pensheni ya jeshi kama mali ya ndoa, na hilo lilikuwa jambo la haki, kwa sababu mke anayehama kambi hadi kambi kwa miaka ishirini mara nyingi hapati nafasi ya kujijengea pensheni yake. Sasa tazama kesi moja ya Arizona. Wanandoa waliachana mwaka 1991, na mahakama ikampa mke nusu ya pensheni ya mumewe, aliyestaafu Jeshi la Anga mwaka uliofuata. Miaka kumi na tatu baadaye mume akathibitishwa kuwa na ulemavu wa asilimia 20 uliotokana na jeraha la bega. Ili alipwe fidia, akaachia takriban dola 250 kwa mwezi kati ya pensheni ya dola 1,500 hivi. Papo hapo mgao wa mtalaka wake ukapungua dola 125 kila mwezi, bila yeye kuulizwa wala kufanya kosa lolote. Mahakama za Arizona zilimwamuru mume amfidie. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Juu ikatengua amri hiyo kwa sauti moja: jimbo haliwezi kumrudishia mtalaka kile ambacho sheria ya serikali kuu imekiondoa kwenye mali ya kugawanywa. Lakini majaji waliacha mlango mmoja wazi. Mahakama ya jimbo, inapogawa mali kwa mara ya kwanza au inapopanga posho ya matunzo, inaweza kuzingatia kwamba pensheni hiyo huenda ikapungua baadaye.

Soma sentensi hiyo ya mwisho kwa makini, kwa sababu ina maana kwamba ulinzi wote wa mke au mume upo siku ileile ya hukumu ya talaka. Asipokuwa na mtu wa kulisema siku hiyo, limempita. Na mtu huyo ni wakili.

Nchini Marekani mshtakiwa wa kesi nzito ya jinai asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za serikali. Mahakama ya Juu ilithibitisha haki hiyo mwaka 1963. Katika kesi za madai, yaani talaka, malezi ya watoto, madeni, kufukuzwa kwenye nyumba au kunyimwa mafao, hakuna haki kama hiyo kwa ujumla. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mzazi anayenyang'anywa mtoto hana haki ya wakili katika kila kesi. Msaada wa kisheria wa kesi za madai ndio unaojaribu kuziba pengo hilo: mawakili wa mashirika yasiyo ya kibiashara wanaowatetea watu wa kipato cha chini bila malipo.

Fedha zake hutoka sehemu kadhaa. Serikali kuu hutoa kupitia shirika la Legal Services Corporation, lililoanzishwa mwaka 1974 kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Nixon. Mwaka 2024 lilitengewa dola milioni 560 kwa nchi nzima. Mabunge ya majimbo hutenga fungu kwenye bajeti au hukata sehemu ya ada za kufungulia kesi. Kisha kuna chanzo ambacho wengi hawakijui, nacho ni riba. Wakili akishika fedha za mteja kwa muda mfupi, huziweka kwenye akaunti moja na za wateja wengine. Riba ya mteja mmoja ni senti tu, lakini zikichanganywa za wateja wote ni fedha nyingi, na hupelekwa kwenye msaada wa kisheria. Florida ilianza mwaka 1981, na leo mpango huo upo katika majimbo yote. Ubaya wake ni kwamba viwango vya riba vikianguka, mfuko nao unaanguka. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 mapato hayo yaliporomoka kwa takriban robo tatu, wakati uleule watu walipokuwa wakipoteza nyumba na kuhitaji mawakili kuliko wakati wowote. Ndiyo maana fungu la kudumu katika bajeti ya jimbo ni jambo la kupigania. Utafiti wa Legal Services Corporation wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 92 ya matatizo makubwa ya kisheria ya Wamarekani wa kipato cha chini hayakupata msaada wowote, au yalipata usiotosha.

Pengo hilo limewavuta wachuuzi. Kisheria, wakili haruhusiwi kumtoza mwanajeshi wa zamani kwa kuwasilisha dai lake la kwanza la fidia. Malipo huanza baada ya uamuzi wa awali. Lakini kampuni zisizo na kibali hutoza maelfu ya dola, kwa kuwa adhabu ya jinai dhidi yao ilifutwa mwaka 2006. New Jersey na Maine zimepiga marufuku biashara hiyo. Louisiana iliiruhusu mwaka 2024, kwa kikomo cha dola 12,500. Mimi nipo upande wa Maine: kazi hiyo inafanywa bure na maofisa wenye kibali, wakiwemo wa majimbo, wa kaunti na wa vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion.

Jambo hili linawagusa Waswahili pia. Mpango wa jeshi la Marekani ulioanza 2009, wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, ulikuwa na Kiswahili kwenye orodha yake, na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu huruhusiwa kujiandikisha hata leo. Mkimbizi kutoka Congo naye hazuiwi na uraia kuhudumiwa na mawakili wanaolipwa kupitia Legal Services Corporation, ilimradi kipato chake kiwe ndani ya kiwango, ambacho kwa kawaida ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Ukienda, beba hati ya kuachishwa jeshi, yaani fomu DD-214, barua ya wizara inayotaja asilimia ya ulemavu, na kama uliachana na mwenzako, nakala kamili ya hukumu ya talaka, ukurasa wa mgao wa pensheni ukiwemo.