Alama Zimepanda, Deni Je?

Nimetumiwa tena picha ya skrini: mshale wa kijani, alama za mkopo (zinazopima unavyoaminika kukopeshwa) zimepanda hadi 700, na ujumbe, "Kaka, deni la kadi nimelimaliza!" Hujalimaliza. Umelihamisha.

Tufanye hesabu. Kadi mbili za mkopo, limiti (kiwango cha juu cha kukopa) jumla dola 10,000, unadaiwa 9,000. FICO, kampuni ya Marekani inayopiga hizo alama, wanaona umekula 90% ya limiti. Unakopa 9,000 mtandaoni kwa miezi 36, kwenye jukwaa la mkopo wa mtu kwa mtu, yaani pesa za watu binafsi badala ya benki. Ada ya 5% inakatwa juu kwa juu, mkononi unapata 8,550, unazimwaga zote kwenye kadi. Zinabaki na 450, yaani 4.5% ya limiti. Mkopo wa mafungu kama huu, unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi, hauingii kwenye hesabu ya limiti, kwa hiyo alama zinaruka. Sasa jumlisha: unadaiwa 9,450. Deni limekua, na watu wanakupongeza.

Riba ikiwa ndogo kuliko ya kadi, sawa, umepata nafuu. Sibishi. Balaa ni kwamba wenye kadi nao wanazisoma alama hizohizo. Wanaona mteja safi, wanakuongezea limiti hata hujaomba. Gari linakufa, nyumbani kuna msiba, mchango wa harusi unakungoja, na kadi hiyo hapo. Watafiti waliowafuatilia wakopaji wa aina hii Marekani walikuta hivyohivyo: miezi ya mwanzo alama juu, salio la kadi chini, baada ya kama mwaka mambo yanageuka, na wanaoshindwa kulipa kadi wanaongezeka.

Halafu kuna wanaoniambia mkopo wa mtu kwa mtu hauripotiwi kwa wanaotunza rekodi za mikopo. Unaripotiwa, jamani. Ukichelewa siku 30, doa hukaa kwenye rekodi yako miaka 7. Na huo "umtu kwa mtu" wenyewe umebaki jina tu kwa baadhi yao: LendingClub, jukwaa la Marekani la mikopo hiyo, waliwafungia mlango wakopeshaji wadogo mwishoni mwa 2020, mwaka uliofuata wakanunua benki.

"Basi nizifunge kadi?" Hapo ndipo ninapokwama. Ukizifunga, limiti inapungua na alama zinaweza kushuka. Ukiziacha, Desemba inakuja. Vitabu vinasema ziache. Mimi siku hizi namwambia mtu afunge moja, ile yenye ada ya mwaka, avumilie mshuko. Ila kwa anayetafuta mkopo wa nyumba mwaka huohuo, ushauri huo nautoa kwa kusitasita.