Usiisugue sarafu ya fedha

Dawa ya meno ni ya meno. Nasema hivi kwa sababu wateja hawachoki kuniletea sarafu za fedha zenye wanyama wa kalenda ya Kichina, wamezisugua zikang'aa, wakiamini wamezipandisha bei. Wamezishusha.

Dhana yenyewe najua inakotoka. Bangili ya fedha ikipoteza mng'ao, bibi anaisugua kwa limau na majivu, au inapelekwa kwa sonara, inarudi nyeupe. Lakini bangili ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000, imetiwa shaba ili iwe ngumu. Sarafu za Lunar, ndizo hizi zenye wanyama, za Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, ni fedha ya 999 au 9999, karibu fedha tupu. Fedha ya namna hiyo ni laini mno. Chembe za dawa ya meno zinaichora. Imulike kwa tochi kutoka pembeni, uiinamishe taratibu chini ya lenzi, utaona mistari myembamba isiyohesabika, yote imeelekea kidole kilikopita. Magamba ya joka yaliyotoka kiwandani yakiwa na weupe uliofifia kama ukungu yameshalainika. Hakuna fundi wa kuyarudisha.

Ule weusi mnaousugua si kutu wala uchafu. Ni salfaidi ya fedha: salfa ya hewani imeungana na fedha yenyewe. Ukiuondoa, fedha nayo inakwenda. Hata dawa za kuchovya zinakula uso, mng'ao ukabaki umepooza. NGC na PCGS, kampuni zinazopanga sarafu kwa madaraja, zikigundua imesafishwa vibaya haziipi namba. Zinaandika kwenye lebo kwamba imesafishwa, na mnunuzi makini anasoma hapo kwanza. Tena kuna weusi unaoanzia ukingoni kwa rangi ya dhahabu, kisha ukageuka zambarau na buluu. Wapo wanaoulipia zaidi! Kuukuta umefutwa kunaniuma roho.

Ninachokubali ni asetoni safi peke yake, kwa sarafu iliyokaa kwenye mfuko wa plastiki ya PVC ikashika utando wa kijani unaonata. Ichovye, usiisugue, iache ikauke yenyewe. Sisemi ile ya kutolea rangi ya kucha, yenye manukato. Madoa meupe mfano wa maziwa yaache. Asetoni haiyatoi, na kidole chako ndiyo kabisa.

Mengine ninayosikia kwa wateja niyapitie haraka.

"Imeandikwa dola 1, basi ni ya dola moja." Hiyo ni thamani ya kisheria tu. Ndani mna wakia nzima ya fedha, gramu 31.1, na bei yake ni mara nyingi ya dola hiyo.

"Hizi mbili hazilingani upana, moja feki." Si lazima. Za wakia moja za mfululizo wa kwanza, 1999 hadi 2010, zina milimita 40.6, za mfululizo wa pili, 2008 hadi 2019, zina 45.6. Uzito ni uleule, ila hizi za pili ni nyembamba. Nunua mizani ndogo na kipimo cha milimita kabla hujanunua sarafu ya tatu.

"Ina maandishi ya Kichina, imetoka China." China inazitoa tangu 1981, kweli, lakini Perth nao wanaweka herufi za Kichina, na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, imeingia 2014. Ile uliyoletewa zawadi kutoka Guangzhou, isiyo na jina la nchi wala thamani, si sarafu bali medali. Ipime kwanza kabla hujaiita fedha.

"Mwanangu kazaliwa Januari 2024, nataka joka." Mwaka wa Joka ulianza tarehe 10 Februari 2024, kwa hiyo huyo ni wa Sungura. Vilevile wa Januari 2026 ni wa Nyoka, maana Farasi anaanza tarehe 17 Februari. Mnaonunulia watoto, njooni na tarehe kamili ya kuzaliwa.