Archie Scott Brown, dereva wa kiganja kimoja

Mwanafunzi wangu wa udereva akianza kulalamika gia ngumu huwa nampigia stori ya Archie Scott Brown, dereva wa magari ya mbio, na mpaka leo sijapata hata mmoja aliyewahi kumsikia.

Jamaa kazaliwa Paisley, Scotland, 1927. Mama yake aliugua rubela akiwa na mimba, mtoto akatoka miguu imepinda na mkono wa kulia mfupi, kiganja hamna. Wakampasua weee, mara nyingi tu, ndo akaweza kutembea.

Sasa hebu kaa kwenye kiti chake. Gari za Waingereza ni kama zetu, usukani kulia, gia iko kushoto, kwa hiyo mkono wake mzima ndo wa gia, na kila akibadilisha gia usukani wote unabaki kwenye kile kigutu, na enzi hizo pawa steringi (ule msaada wa kulainisha usukani) kwenye gari la mbio sahau. Halafu haendeshi kistaarabu! Anaingia kona gari limekaa upande, matairi ya nyuma yanateleza, ye anakata usukani kinyume na mafuta anakanyaga. Mimi na mikono yangu miwili hiyo siijaribu.

1954, uwanja wa Oulton Park Uingereza, kwenye mbio za British Empire Trophy, wakubwa wa mbio wakauona ule mkono wakamnyang'anya leseni. Watu wakamtetea, akarudishiwa, na 1955 akarudi kwenye kombe lile lile na Lister, gari la mbio lililoundwa na rafiki yake Brian Lister, akalibeba. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Formula 1 aliionja mara moja tu, uwanja wa Silverstone 1956, na gari la Kiingereza liitwalo Connaught, akaanza wa 10 na gurudumu likachomoka. Monza, Italia, mwaka huo huo Waitalia wakamkatalia kabisa kushindana, na Connaught ikaja kumaliza ya tatu mikononi mwa dereva mwingine, Ron Flockhart. Inauma asee.

1957 ndo mwaka wake, na Lister-Jaguar (Lister yenye injini ya Jaguar) kaingia mbio 14, kashinda 11.

Tarehe 18 Mei 1958 yuko Spa, Ubelgiji, wanafukuzana na dereva mwenzake Masten Gregory, mvua imelowesha kipande cha barabara, gari likamponyoka likagonga kibao cha barabarani karibu na mnara wa kumbukumbu ya Richard Seaman, dereva wa mbio aliyepata ajali hapo hapo 1939, likawaka moto. Kesho yake akafariki, miaka 31. Wapo wanaosema ni ule mkono. Mi nakataa, Spa ya wakati ule ilikuwa barabara ya kawaida ya vijijini, miti na nguzo pembeni, kona moja kavu inayofuata imelowa, na unaifikia ukiwa umeshakanyaga mafuta yote.