Anza na Magazini: Bastola ya 1911 Inapokataa Kulisha Risasi

Mteja mmoja aliniletea bastola ya muundo wa 1911 iliyozungushiwa taulo, pamoja na magazini tatu, yaani visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini, akaniomba nimmalizie kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameianza kwa tupa na msasa. Risasi zilikuwa zikikwama njiani kuelekea kwenye chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, naye alikuwa ameambiwa kwamba dawa yake ni kulainisha ule mteremko wa chuma ulio kwenye fremu (kiunzi cha bastola), mbele ya magazini, ambao kichwa cha risasi huupanda kabla ya kuingia ndani ya mtutu. Nilipomuuliza ilivyokuwa mwanzoni, alikumbuka kwamba kabla hajashika tupa, ni magazini moja tu, ile yenye kitako cha mpira, iliyokuwa ikisumbua. Baada ya tupa, zote tatu zilianza kukwama.

Kazi yangu hapa Marekani ni ufundi wa silaha, na bastola za muundo huu hunijia mara nyingi kuliko nyingine zote. John Moses Browning aliisanifu kwa risasi ya .45 yenye kichwa cha mviringo chenye uzito wa greni 230, yaani karibu gramu 15, na katika majaribio yaliyotangulia kuchaguliwa kwake na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911, ilifyatua risasi 6,000 bila hitilafu iliyoripotiwa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba bastola hizi zimezaliwa na ugonjwa wa kukwama, sikubaliani naye. Kinachokwama kwa kawaida ni kifaa kilichochoka, kilichobadilishwa, au kilichotengenezwa bila kufuata vipimo, na mara nyingi kabisa kifaa hicho ni magazini.

Kabla ya uchunguzi wowote, bastola itolewe risasi kwa utaratibu usiobadilika: mdomo wa mtutu uelekezwe mahali salama, magazini ichomolewe kwanza, ndipo slaidi, sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele, ivutwe nyuma na kufungiwa hapo, kisha chemba ikaguliwe kwa macho na kwa ncha ya kidole. Anayevuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine bila kujua. Majaribio ya mezani yafanywe kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki. Na ikiwa uwanjani mlio mmoja umesikika hafifu kuliko kawaida, acha kufyatua papo hapo, kwa sababu huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua.

Jambo la kwanza ninalolifanya ni kuandika namba kwenye kitako cha kila magazini, kisha kufyatua na kurekodi ni ipi iliyokwama, kwenye risasi ya ngapi, na risasi ilisimama katika hali gani. Kazi hii inachosha, na wateja wengi huiona ni kupoteza muda, lakini ikiwa magazini namba 2 peke yake ndiyo yenye makosa, hakuna sababu ya kuigusa bastola. Springi ya magazini iliyolegea huchelewa kuinua risasi, hivyo slaidi hupita juu ya risasi au huishika katikati ya ganda badala ya kitakoni. Kibao kinachosukuma risasi juu kikiinama kuelekea mbele, pua ya risasi nayo hushuka na kugota chini kwenye mteremko. Midomo ya magazini, yaani kingo zake za juu zinazoshikilia risasi, ikipanuka, hata kwa kiasi ambacho jicho lisilozoea halikioni, risasi huachiliwa mapema mno. Ikibana, huachiliwa kwa kuchelewa. Magazini iliyoangushwa mara nyingi kwenye sakafu ya zege ndiyo ninayoishuku kwanza, nayo hujaribiwa kwa kulinganishwa na magazini mpya ya ubora unaojulikana.

Jinsi risasi ilivyosimama ndiyo ushahidi mkubwa kuliko maelezo yoyote ya mwenye bastola, ndiyo maana huwaomba wateja wapige picha kabla ya kuitoa, kidole kikiwa mbali na kifyatulio na mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea shabaha. Pua ikiwa imegota chini, rudi kwenye magazini. Risasi ikiwa imeingia nusu na kuinama, pua ikigusa paa la chemba huku kitako kikiwa bado hakijapanda kwenye uso wa slaidi, mshukiwa ni ile ndoano inayovuta ganda kutoka kwenye chemba. Slaidi ikiwa imebakiza milimita chache tu kufunga, angalia uchafu wa chemba, ukavu wa reli, springi ya kurudisha slaidi iliyochoka, au risasi yenyewe.

Risasi hupimwa kwa njia nyepesi. Mtutu ukishatolewa kwenye bastola, risasi huachwa idondoke ndani ya chemba kwa uzito wake, nayo inapaswa kuingia yote na kutoka tena mtutu unapogeuzwa. Zile za kutengenezwa nyumbani ndizo hushindwa mara nyingi, ama kwa sababu mdomo wa ganda haukubanwa vizuri, ama kwa sababu urefu wake umezidi milimita 32.4. Zenye pua iliyotobolewa huhitaji uangalifu zaidi, maana umbo lake si lile ambalo mteremko ulichongewa.

Ndoano ninaitolea maelezo marefu kwa sababu ndiyo sehemu inayoonewa zaidi katika bastola hii. Ni kipande kimoja cha chuma cha springi kilicholala ndani ya slaidi, na nguvu yake yote inatokana na mpindo wake mdogo. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, ukingo wa kitako chake huteleza kutoka chini na kuingia nyuma ya ndoano; hivyo ndivyo Browning alivyokusudia. Anayeweka risasi kwa mkono moja kwa moja ndani ya chemba na kuachia slaidi huilazimisha ndoano kuruka juu ya ukingo huo, na baada ya muda mpindo hupotea au ncha humeguka. Kuipima, slaidi hutolewa na kitako cha risasi bandia kikaingizwa chini ya ndoano: inapaswa kushikwa bila kuanguka slaidi inapotikiswa polepole, lakini isukumike kwa kidole bila kulazimishwa. Ikilegea, ganda lililotumika halitoki vizuri. Ikibana mno, risasi mpya haipandi.

Springi ya kurudisha slaidi katika bastola yenye mtutu wa inchi 5 kwa kawaida ni ya ratili 16, kama kilo 7, na ni bei ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kubishana nayo. Ikiwa umri wake haujulikani, iwekwe mpya. Mkono uliolegea wakati wa kufyatua nao huinyima slaidi mwendo wake kamili, na jambo hili hubainika mpigaji mwingine mwenye mkono thabiti akijaribu bastola hiyo hiyo kwa magazini hiyo hiyo.

Mteremko huja mwisho kabisa. Kati ya ukingo wake wa juu na ukingo wa mtutu panapaswa kuwa na nafasi ndogo ya takriban milimita 0.8, mtutu ukiwa umeshuka na kurudi nyuma. Nafasi hiyo ikipotea, pua ya risasi hugonga ukingo wa mtutu. Chuma kikiondolewa kupita kiasi kwenye mtutu, ganda hukosa kitu cha kulishikilia upande wa chini na linaweza kupasuka. Kikiondolewa kwenye fremu, hakirudi kwa msasa. Wasomaji wangu wa Kenya na Tanzania wanajua kwamba huko kazi ya kutengeneza silaha ni ya fundi mwenye leseni; hata mahali ambapo sheria inamruhusu mwenye bastola kuifanya, hatua hii moja ningemsihi aiache.

Bastola ya mteja wangu ilibidi ichongwe kwenye fremu na kupachikwa kipande kipya cha mteremko, kazi iliyogharimu mara kadhaa ya bei ya magazini zote tatu. Tulipoijaribu, magazini mbili zililisha risasi zote 200 bila kukwama. Ile yenye kitako cha mpira ilikwama kwenye risasi ya pili.