Kiolesura pepe cha mtandao: kadi isiyo na waya wala antena

Ukiwasha VPN, huduma inayopitisha data yako kwenye seva ya mbali, kwenye simu ya Android, alama ndogo ya ufunguo hujitokeza juu ya kioo. Wengi wakiiona hupumua: kumefungwa, hakuna wa kuchungulia. Mimi alama hiyo inaniambia jambo jingine. Inaniambia kwamba simu sasa ina kadi ya mtandao ya ziada, kadi ambayo ukiifungua simu na kuitafuta kwa bisibisi hutaipata, na kwamba programu moja imekabidhiwa kila kinachopita humo. Kadi hiyo ndiyo kiolesura pepe cha mtandao.

Tuanze na kadi ya kweli. Ndani ya mfumo endeshi kuna kerneli, sehemu ya kati inayosimamia vifaa vyote. Kerneli huipa kila kadi ya mtandao jina, tuseme eth0 kwa ile ya waya au wlan0 kwa Wi-Fi. Kivinjari kikitaka kutuma kitu, hukikabidhi kwa kerneli. Kerneli hukikata vipande viitwavyo pakiti, huandika juu ya kila pakiti anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, hutazama jedwali la njia, kisha huchagua kadi ya kutokea. Kadi hugeuza pakiti kuwa umeme au mawimbi ya redio. Yanayotokea baada ya hapo kivinjari hakiyajui.

Kiolesura pepe nacho kina jina, mara nyingi tun0. Kina anwani, kina njia zake kwenye jedwali, huwashwa na kuzimwa kama ndugu zake. Tofauti iko nyuma yake: pale pangekuwa na waya, pamekaa programu ya kawaida, kama ambayo wewe au mimi tunaweza kuiandika jioni moja. Programu hiyo iko nje ya kerneli, katika kile kinachoitwa eneo la mtumiaji. Pakiti ikielekezwa tun0 haiendi hewani, bali programu huisoma kama inavyosoma faili. Na programu ikiandika baiti zake humo, kerneli huzipokea kana kwamba zimeingia kutoka nje ya mashine.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux mlango wa kupitia ni faili moja, /dev/net/tun. Programu hulifungua, huipa kerneli jina la kiolesura na aina yake kwa wito uitwao TUNSETIFF, basi, kadi imezaliwa. Si kila mtumiaji anaruhusiwa kuizalisha. Huhitajika haki ya usimamizi wa mtandao, au msimamizi awe ameiandaa mapema. Programu ikilifunga faili, kadi hutoweka, isipokuwa kama iliombwa idumu.

Mimi mwenyewe sikuelewa sawasawa mpaka nilipoandika programu fupi ya kusoma kutoka tun0. Nilikipa kiolesura anwani 10.9.0.1/24, nikakiwasha. Kabla sijafanya lolote, pakiti ikaingia, baiti yake ya kwanza ikiwa na thamani 96. Ilikuwa ya IPv6, toleo la sita la IP, yaani kanuni za kuandika anwani na kusafirisha pakiti: kerneli yenyewe inapiga hodi kuuliza kama kuna rauta upande wa pili. Kisha nikaandika ping 10.9.0.2, amri ya kuuliza kama mashine yenye anwani hiyo ipo. Zikaja baiti 84: 20 za kichwa cha IP, 8 za kichwa cha ICMP (itifaki inayotumiwa na ping), na 56 za mzigo. Ya kwanza ilikuwa 69, ambayo kwa mfumo wa kumi na sita ni 45: 4 ni toleo la IP, na 5 ni urefu wa kichwa kwa mafungu ya baiti nne nne, yaani 20.

Hakuna mashine yoyote yenye anwani 10.9.0.2, kwa hiyo ping ilingoja bure. Nikaongeza mistari michache. Chukua anwani ya mtumaji, baiti ya 12 hadi 15 ukihesabu kuanzia sifuri, ubadilishane na ya mpokeaji, 16 hadi 19. Badilisha baiti ya 20 kutoka 8, yaani swali, iwe 0, yaani jibu. Jumla ya ukaguzi ya kichwa cha IP, namba ya kugundua kosa, haihitaji kuguswa, maana namba ni zile zile zimehamishwa nafasi tu. Ile ya ICMP inahitaji kurekebishwa, kwa kuwa aina imebadilika. Andika pakiti irudi tun0. Papo hapo ping ikaanza kuripoti majibu kutoka 10.9.0.2, mashine ambayo haijawahi kuwepo. Anayejifunza mitandao afanye zoezi hili kabla ya kusoma ukurasa mwingine wa nadharia.

Jina kamili utakalokutana nalo ni TUN/TAP. TUN hubeba pakiti za IP. TAP hushuka ngazi moja na kubeba fremu nzima za Ethernet, yaani vifurushi vya mtandao wa waya, pamoja na anwani za MAC, namba za kadi zenyewe, ndiyo maana QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, huitumia kuunganisha kompyuta pepe na mtandao kana kwamba zimechomekwa kwenye swichi. Kwa Linux kazi hii ilifanywa na Maxim Krasnyansky, na ikaingia kwenye kerneli ya 2.4 iliyotoka Januari 2001. Mwaka huo huo James Yonan alitoa toleo la kwanza la OpenVPN, programu ya VPN iliyojengwa juu yake.

VPN hufanya hivi: husoma pakiti kutoka tun0, huifunga kwa usimbaji fiche, huitia ndani ya pakiti nyingine iliyoandikwa anwani ya seva ya VPN, na kuituma kupitia kadi ya kweli. Hapa kuna mtego. Njia zote zikielekezwa tun0, hata pakiti iliyokwisha kufungwa itarudishwa tun0, ifungwe tena, irudi tena, bila mwisho. Kwa hiyo lazima iwepo njia ya pekee ya kumfikia seva kupitia wlan0. Gharama nyingine ni safari: kila pakiti huvuka mpaka wa kerneli na programu, kwenda na kurudi. Hiyo ni sababu mojawapo ya WireGuard, VPN nyingine, kuingizwa ndani ya kerneli ya Linux, toleo 5.6 la mwaka 2020.

Sasa turudi kwenye ufunguo. Kiolesura pepe chenyewe hakifungi chochote. Programu hupewa pakiti, na inachozifanyia ni uamuzi wa aliyeiandika: kuzisimba, kuzichuja matangazo, kuzihesabu, au kuziandika kumbukumbu. HTTPS, usimbaji wa tovuti zenyewe, huficha maudhui, lakini anwani unazozitembelea, na mara nyingi majina ya tovuti, hubaki wazi kwa aliyeshika upande wa pili. Uganda ilipoweka kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu wengi walikimbilia VPN za bure. Kila aliyetumia Android miongoni mwao alibonyeza kukubali kwenye kisanduku kinachouliza kama programu hiyo iruhusiwe kuweka VPN inayoweza kufuatilia trafiki ya mtandao. Kisanduku hicho ndicho mkataba wenyewe, nami huumia nikiona mtu anakipita kama tangazo.

Mlango huu wa programu kushika kiolesura pepe upo kwenye Android tangu toleo 4.0 la mwaka 2011, na hauhitaji simu kufanyiwa root, yaani kufunguliwa mamlaka yote ya mfumo. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, utafute VPN: utaona orodha ya programu ulizowahi kuziruhusu, hata zile ulizosahau. Inayoshika kiolesura kwa wakati mmoja ni moja tu. Ukiikubalia ya pili, simu huinyang'anya ya kwanza papo hapo.