Je, wajua? Jiwe huweza kukatika mraba bila mkono wa mtu

Mwaka 1986, mpiga mbizi Mjapani Kihachiro Aratake alikuwa akitafuta mahali pa kutazama papa wenye vichwa kama nyundo karibu na kisiwa cha Yonaguni, magharibi kabisa mwa Japani, alipokuta chini ya maji umbo lililofanana na jengo: ngazi pana, kuta za wima na sakafu bapa, likiinuka kutoka kina cha takriban mita 25 hadi mita chache tu chini ya uso wa bahari. Masaaki Kimura, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, ametetea kwa miaka mingi kwamba umbo hilo ni kazi ya binadamu. Robert Schoch wa Chuo Kikuu cha Boston, aliyezamia kujionea, anasema kwa sehemu kubwa ni kazi ya maumbile.

Kinachotatiza watu ni pembe. Hapa Nairobi, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa mawe yaliyokatwa kwa mashine katika machimbo ya Ndarugo, tumezoea kwamba jiwe lenye kingo zilizonyooka limepita mikononi mwa fundi, na mazoea hayo ndiyo yanayotupotosha. Mwamba wa Yonaguni ni wa mawe ya mchanga yaliyojitandaza tabaka juu ya tabaka yapata miaka milioni 20 iliyopita, na kila tabaka huweza kubanduka kutoka kwa lile lililo chini yake. Eneo hilo pia ni la matetemeko ya ardhi, ambayo huupasua mwamba kwa nyufa za wima zilizo sambamba, na mara nyingi kundi la pili la nyufa hulikata la kwanza karibu kwa pembe mraba. Mawimbi yanapoondoa vipande vilivyolegea, kinachobaki ni ngazi. Aliyewahi kutembea Hell's Gate, karibu na Naivasha, ameona kuta za mwamba zilizojipanga kama nguzo. Hizo nazo hazikusimamishwa na mwashi, bali ni lava iliyosinyaa na kupasuka ilipokuwa ikipoa.

Huko Bimini, katika visiwa vya Bahama, ilitangazwa mwaka 1968 kwamba imepatikana barabara ya mawe chini ya bahari. Mwanajiolojia Eugene Shinn aliyatoboa mawe hayo na kukuta tabaka za ndani zikiendelea kutoka jiwe moja hadi jirani yake, jambo lisilotarajiwa kwa mawe yaliyobebwa na kupangwa.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Zakynthos, Ugiriki. Wapiga mbizi walikuta huko, kwenye kina cha mita mbili hadi tano, kile walichodhani ni sakafu na vitako vya nguzo za mji wa kale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba gesi ya methani ilivuja kutoka chini ya sakafu ya bahari, bakteria wakaitumia kama chakula, na kazi yao ikafanya madini yagande ndani ya tope kama saruji, kuzunguka mirija iliyopitisha gesi. Ndiyo maana baadhi ya "vitako" hivyo vina tundu katikati. Hayo yalitukia mamilioni ya miaka kabla ya mji wowote kujengwa duniani, na tangu mwanzo palikuwa na dalili moja ya kutia shaka: hapakuonekana hata kigae kimoja cha chungu.

Kwa maoni yangu, kigae kina uzito kuliko pembe. Pavlopetri, katika Ugiriki hiyohiyo, ni mji wa kweli uliozama, na huko kuna misingi ya nyumba, njia, makaburi na vigae vilivyotapakaa. Hata Olorgesailie, eneo la zana za kale kando ya barabara ya Magadi, shoka za mawe hutambulika kwa makovu ya kugongwa yanayofuatana ukingoni, si kwa unyoofu wake.

Kimura ana hoja moja ya haki: miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa takriban mita 120, hivyo watu wangeweza kutembea juu ya mwamba huo. Schoch naye hakukataa katakata kwamba huenda waliurekebisha hapa na pale. Hata hivyo, ngazi za Yonaguni hazikupangwa kwa mawe yaliyoletwa. Zimeungana na mwamba ulio chini yake, kipande kimoja.